Kabla hujaambatisha -y

Juzi nilimkuta kijana wetu mpya, kwenye seva ya Ubuntu 20.04, akiandika apt remove python3 (apt ndiyo zana ya kusakinisha na kuondoa pakeji, yaani programu) na kuambatisha -y ili asisumbuliwe na maswali. Nilimdaka mkono kabla hajabonyeza Enter. Wadogo zangu, nawapenda, lakini swali lile la Y/n halikuwekwa kwa ajili ya adabu. Juu yake ipo orodha ya pakeji zitakazoondoka, na orodha hiyo huandikwa ili isomwe.

1. Anzeni na apt-get -s, ambayo huonyesha kitakachotokea bila kugusa chochote.

2. Python ya mfumo, ambayo zana za Ubuntu zenyewe huitegemea, si mali yenu. Hili nimelijua kwa aibu, kwenye seva ya toleo hilohilo. Mwandishi mmoja wa programu alihitaji Python mpya zaidi, nami nikaona usafi ni kuondoa kwanza ile 3.8 iliyokuwapo. Majina yalipita mbio kwenye skrini. Niliiona ufw ya ngome ya mtandao, nikaiona cloud-init ya kuandaa seva inapowaka, netplan.io haikunishtua. Kilichoniponza zaidi ni kwamba seva iliendelea kujibu kana kwamba hakuna lililotokea: SSH, njia ya kuingia kwa mbali, ilikuwa hai, tovuti ilifunguka, nami nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikaiwasha upya.

Netplan husoma mipangilio ya mtandao iliyomo /etc/netplan, kisha humwandikia systemd-networkd, msimamizi wa mtandao, mafaili ndani ya /run, ambayo hukaa kwenye kumbukumbu tu na kupotea mashine inapozimika. Seva yangu iliamka ikiwa na mipangilio yake yote diskini, ila hakukuwa na wa kuisoma, basi ikabaki bila mtandao. Ilikuwa Jumamosi jioni. Nilipanda bodaboda hadi chumba cha seva, nikambembeleza mlinzi, nikachomeka kibodi na skrini, nikaipa kadi ya mtandao anwani, njia na DNS kwa mkono, ndipo nikafungua /var/log/apt/history.log ili nijue cha kurudisha. Pakeji zote nilizoziondoa zilikuwa zimeorodheshwa humo, na juu yake amri yangu neno kwa neno pamoja na ile -y, ikifuatiwa na Requested-By na jina langu. Jumatatu bosi alilisoma faili hilohilo kwa sauti.

3. Remove huacha mafaili ya mipangilio, purge huyafuta.

4. Programu mliyoinakili kwa mkono haijulikani kwa apt, kwa hiyo autoremove, amri ya kuondoa pakeji zisizohitajika tena, yaweza kuondoka na laibrari ambayo programu hiyo inaitegemea. Iangalieni programu hiyo kwa ldd, inayoorodhesha laibrari zake, kisha muilinde laibrari hiyo kwa apt-mark manual.

5. Programu ikidai libssl.so.1.1, laibrari ya OpenSSL ya usimbaji, msiielekeze kwenye libssl.so.3 kwa kiungo cha kubuni. Kubadilisha jina la faili hakubadilishi kilichomo, na anayefanya hivyo huwa ameshaonywa, nami ndiye niliyemwonya.

Yule kijana alifuta -y, akaiendesha amri kwa -s na kuisoma orodha taratibu, kidole kikiwa juu ya skrini. Katikati alisita, akanigeukia: "Kaka, hii netplan.io inatafuta nini humu?"