Kulala ukiwa peke yako chomboni

Umeuliza utalalaje ukisafiri kandokando ya pwani peke yako kwa mashua ndogo ya tanga. Ndugu, karibu na nchi kavu usilale chombo kikiwa kinakwenda. Meli ya mizigo yenye mwendo wa maili 20 za baharini kwa saa hukata maili 5 ndani ya robo saa. Unafumba macho haionekani, unayafumbua imekufikia. Safiri mchana: kwa maili 5 kwa saa, saa 8 ni maili 40, zinatosha kabisa. Tia nanga jua halijazama, amari, yaani kamba au mnyororo wa nanga, iwe angalau mara 5 ya kina cha maji yakijaa. Na nakusihi, jifunge kamba ya usalama kila uendapo omoni, yaani mbele ya chombo, hata bahari ikiwa shwari. Ukianguka, hakuna wa kugeuza chombo kukurudia.