Prednisoloni haiachwi ghafla, nilijaribu

Dada uliyeuliza kama unaweza kuacha prednisoloni (vidonge vya steroidi vya kutuliza uvimbe) mara moja baada ya miezi minane, kwa kuwa uso umevimba na usingizi umekukimbia: nakusihi usiache leo. Mimi niliacha hivyo hivyo.

Nilikuwa kwenye miligramu 20 kwa siku kwa ajili ya viungo. Wiki za mwanzo nilijiona mzima kabisa, saa nane za usiku niko macho nakunja nguo. Kisha uchangamfu ule ukageuka hasira, na siku moja nikalia kwa sababu kijiko kimedondoka. Dawa hii inaiga kortisoli, homoni ya mwili inayopanda tukiwa kwenye msongo, na vipokezi vyake vimejaa kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu na hisia. Kwa hiyo usijilaumu, si tabia yako iliyoharibika.

Sasa hilo la kuacha. Kawaida amri hutoka ubongoni: haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo, huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo huzituma tezi za adrenali zilizo juu ya figo zitengeneze kortisoli. Ukimeza vidonge kila siku kwa muda mrefu, ubongo unaona homoni ipo tele, unanyamaza, na tezi zikikosa kazi zinasinyaa. Mwili wa mtu mzima hujitengenezea kortisoli inayokaribia nguvu ya miligramu 5 za prednisoloni kwa siku. Ukikata ghafla, hata hiyo huipati.

Siku ya tatu niliinuka kitandani, macho yakaingia giza, magoti yakalegea, nikajikuta sakafuni. Presha ilikuwa imeshuka mno. Daktari alinirudishia dozi siku ile ile, tukaanza kupunguza kidogo kidogo. Kushuka hadi 5 hakukuwa shida. Kutoka 5 hadi sifuri ndiko kulikochukua miezi, na daktari hakunikatia dawa kabisa mpaka alipopima kortisoli yangu ya asubuhi.

Nenda na pakiti yako, umwombe daktari ratiba ya kupunguza, na umweleze habari za usingizi na hasira pia. Muulize kama unaweza kuimeza asubuhi. Ukipata homa kali, ukitapika au ukihitaji upasuaji, hata miezi kadhaa baada ya kumaliza, waambie wanaokutibu kwamba umetumia steroidi kabla ya jambo lingine, maana wakati huo mwili unahitaji kortisoli zaidi na tezi zako huenda bado hazijaamka.