Uanze kushuka na ndege lini: zidisha kwa tatu

Chukua futi za kimo unazotaka kupoteza, kwa maelfu, zidisha kwa 3: hizo ndizo maili za baharini unazohitaji. Mombasa kwenda Nairobi ukiwa futi 32,000 na unataka kufika 8,000, unapoteza 24,000. 24 mara 3 ni 72. Mimi huongeza 10 za kupunguza mwendo, kwa hiyo naanza kushuka nikiwa nimebakiza maili 82 hivi. Kasi ya kushuka nayo: mwendo wako juu ya ardhi mara 5. Noti 400 (yaani maili 400 za baharini kwa saa) zinakupa kama futi 2,000 kwa dakika, na mwendo ukipungua hesabu upya.

Wengi kwenye simyuleta ya ndege hukosea hapa: JKIA, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wa Nairobi, uko karibu futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Ukipiga hesabu kana kwamba unashuka hadi sifuri, utaanza mapema mno na kuburuta ndege chini kwa maili nyingi (nimeshafanya hivyo, mafuta yakaisha vibaya). Upepo ukiwa nyuma yako, anza mapema kidogo.