Skii (kuteleza kwenye theluji): kozi gani inafaa kwa mtu aliyeiva?

Dada, kama umeteleza tangu enzi za kusoma Austria na kila kozi ya kundi unaishia kumfuata mwalimu mlima mzima bila kusahihishwa, acha kuchagua kwa jina la shule. Uliza cheti cha mwalimu mwenyewe. Marekani omba mwenye cheti cha PSIA (chama cha walimu wa skii cha huko) ngazi ya 3, Kanada cha CSIA (chama chao) ngazi ya 4; ndizo ngazi za juu kabisa. Kisha mwandikie kabla hujakata tiketi, utaje kasoro moja tu, mfano: "kwenye matuta ya theluji uzito unanibaki visiginoni." Akikurudishia maswali, mchukue huyo. Akikutajia bei tu, pita.

Lipia masaa mawili ya peke yako asubuhi, akurekodi video, halafu mchana ujifue bila yeye. Likizo za shule za Februari za huko Ulaya na Marekani kimbia kabisa, walimu wazuri wanakuwa wameshabebwa.

Kwa sisi wa Dodoma, pa karibu ni Afriski, kituo cha skii cha Lesotho, Juni hadi Agosti. Mteremko mfupi, sikatai, lakini kunyoosha mkao hakudai mlima mrefu, na ya viza ya Schengen, ile ya Ulaya, unayasahau.