Dar hadi Lagos: soma saa kabla ya kilomita

Safari yangu ya kwanza ya Lagos, kumwona dada aliyekuwa amejifungua, nilifika uwanja wa ndege wa Dar usiku wa tarehe 14 na doti nne za khanga begini. Tiketi ilisema tarehe 14, 02:40. Binti wa kaunta aliisoma mara mbili, akaniambia kwa upole, "Dada, hii iliondoka usiku wa kuamkia leo."

02:40 ni saa nane na dakika arobaini usiku. Ukiona saa inayoanza na 00 hadi 04, ujue unatoka nyumbani jioni ya tarehe iliyotangulia. Mimi nilizoea kuhesabu usiku kuwa wa siku iliyokwisha, na mazoea hayo yalinigharimu tiketi nzima. Sasa nikimkatia mtu tiketi namwandikia kwa maneno: usiku wa kuamkia tarehe fulani.

Umbali wenyewe, ukinyoosha mstari kutoka Dar hadi Lagos, ni kama kilomita 4,250. Ukiunganisha Nairobi inakuwa kama 4,500. Ukipitia Addis Ababa, kama 5,700, kwa sababu unapanda kaskazini kwanza ndipo ugeukie magharibi. Kipande kirefu, Nairobi hadi Lagos, ni kama kilomita 3,800. Ndege kubwa hukimbia kilomita 800 hadi 900 kwa saa, ila kuna muda wa kupaa na kushuka, hivyo weka saa tano na nusu. Dar hadi Nairobi ni saa moja na ushee tu. Jumla hewani haifiki saa saba. Kinachomaliza siku ni kusubiri ndege ya pili, kwa hiyo tazama hapo kabla hujashangilia bei nafuu.

Halafu kuna jambo linalowachanganya wengi. Saa zilizo kwenye tiketi ni za kila mji wenyewe, na Lagos iko nyuma yetu kwa saa mbili. Tuseme unaruka Nairobi 07:00 na kutua Lagos 10:30. Ukitoa unapata saa tatu na nusu, kumbe umekaa kitini tano na nusu. Kurudi ni kinyume chake: ruka 11:30, utatua 19:00, na safari ni ileile. Ukiwa na mtoto mdogo au dawa za kumeza kwa saa, tofauti hii si ndogo hata kidogo.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku kumi kabla, na kadi ikae pamoja na pasipoti.

Nyuma ya tiketi huandika mistari miwili: saa za Dar kwa mama anayenisindikiza, saa za Lagos kwa shemeji anayenipokea. Kila mmoja namtumia mstari wake.