Nilimpa kitochi, nikampeleka Mbezi

Jumamosi jioni mwanangu alishuka kwenye bodaboda na kiroba cha machungwa ya Muheza begani. "Shikamoo mama. Huyu kaka alitaka elfu tatu, tumepatana mbili." Nikabaki mlangoni na mwiko mkononi. Januari mtoto huyu huyu alikuwa hawezi kumwambia muuza duka kwamba chenji imepungua.

Naandika kwa ajili ya wale mnaoniuliza kila siku, "Wa kwangu hatoki chumbani, nifanyeje?"

Alimaliza kidato cha nne Novemba. Miaka minne ya bweni, simu marufuku, basi kwa huruma nikamnunulia simu janja wiki ile ile aliyorudi. Kidato cha tano kinaanza Julai. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya miezi saba ya mtoto, kitanda na bando. Usiku mchezo wa Free Fire mpaka adhana ya alfajiri, mchana TikTok. Na bando nilikuwa namwekea mimi, nisiwadanganye. Akiwa chumbani nilijua hayuko kijiweni, havuti bangi. Nyumba ilikuwa kimya, nami nikajisifu nina mtoto mtulivu.

Januari tukapata msiba wa ukoo. Mzee mmoja akampa mkono: "Hujambo kijana, wewe wa nani?" Mwanangu akachomoa hedifoni sikio moja, akajibu, "Poa." Poa, kwa mzee wa miaka sabini! Wifi yangu akasema kwa sauti, pale pale kwenye masufuria, "Wifi, huyu umemlea au umemchaji?" Wanawake wote wakacheka. Neno lile linaniuma mpaka leo. Wa kwake nao tunawajua, ila tuyaache.

Niliporudi nikaficha simu. Akanuna siku tatu, chakula hagusi, siku ya nne nikamrudishia. Nilikuwa nimemnyang'anya bila kumpa cha kufanya.

Nikaanza kumtuma. Mara ya kwanza sokoni alinitumia picha ya dagaa: "Mama, ni hawa?" Sikujibu. Akarudi na dagaa wenye mchanga, tukakaa tukachambua wote, sikumsema. Mara ya pili akaenda kwa fundi cherehani, akarudi hajauliza suruali itakuwa tayari lini. Nikamrudisha.

Juni nikampeleka stendi ya mabasi ya Magufuli, Mbezi, aende kwa bibi yake Muheza peke yake. Simu janja ikabaki kabatini, nikampa kitochi. Tiketi akakate mwenyewe. Nikajificha nyuma ya nguzo kama mwizi. Wapiga debe wawili walilivuta begi, huyu huku, huyu kule, nikamwona mdomo unafunguka na kufunga. Mwishowe nikamsikia: "Kaka, nina tiketi tayari." Sauti ilikuwa ya kuku aliyenyeshewa, lakini ilitoka.

Saa kumi ananipigia: "Mama, nimepitilizwa. Niko Tanga mjini." Aliona haya kumkumbusha konda amshushe Muheza! Nikamwambia, "Uliza watu," nikakata. Halafu nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Saa moja kasoro bibi yake akapiga, mgeni kafika. Kumbe alimwendea mama mmoja muuza karanga, akamwamkia vizuri, naye akamshika mkono mpaka kwenye gari la Muheza.

Wiki tatu za kwa bibi zilikuwa za kuchuma machungwa na kuchota maji, sina cha kusimulia.

Wazazi wenzangu, tuache kuilaumu TikTok. Bando nani anaweka? Mtume mtoto mahali ambapo kazi haiishi mpaka amsemeshe mtu asiyemjua. Kwa fundi, kwa mjumbe, kwa shangazi aliyegombana na wewe. Ukishamtuma usimpigie. Akikosea mwache akosee, arudie. Sisi tulivuka mito kwenda shule, leo kijana wa miaka kumi na saba tunamfuata mpaka kituo cha daladala halafu tunalalamika hana ujasiri! Mtume. Nasema tena, mtume.

Simu janja nimemrudishia. Jana saa saba usiku niliona mwanga chini ya mlango wake, kwa hiyo msije mkadhani kwangu ni peponi.

Wifi naye amesikia habari za machungwa. Kanipigia, anaomba wa kwake aende Muheza likizo hii. Nimemwambia aanze na dagaa.