DVD ya harusi inagoma kwenye deki

Kaka, kama kompyuta inaisoma hiyo DVD ila deki ya mzee huko Mafinga inaikataa, ifungue diski kwenye kompyuta uone kilichomo. Ukikuta faili la MP4 tu, deki nyingi za zamani hazilitambui. Inatakiwa folda ya VIDEO_TS, yaani video iliyopangwa kwa mfumo wa DVD, na diski ifungwe kabisa ("finalize" kwenye programu) baada ya kuchoma, yaani kurekodi. Ila kama inacheza vizuri halafu inakwama karibu na mwisho, hapo mshukiwa wangu ni spidi: data huanzia katikati kwenda ukingoni, na ukingoni ndiko uchomaji wa haraka huharibu. Choma upya kwa spidi ndogo ya 4x, kwenye DVD-R mpya (diski tupu ya kurekodi), usizidishe GB 4.3. Stika ya karatasi usibandike, inayumbisha diski. Na kwa baridi hii ya Juni, deki ikiingizwa ndani kutoka kwenye baridi ya nje iache nusu saa kwanza kabla ya kuiwasha, lenzi hushika ukungu.